Ikinyesha, inakata

Mama alipiga simu saa mbili na dakika tano usiku, wala hakusubiri shikamoo yangu. "Imeganda tena. Yule dada wa habari kabaki mdomo wazi kama anapiga miayo."

Ilikuwa mara ya nne mwezi ule, na mwezi wenyewe ulikuwa Aprili, masika yamekolea. Nikamwelekeza kama kawaida: zima king'amuzi, hesabu mpaka kumi, washa. Nikamsikia anahesabu. Kimya kidogo. Kisha: "Sasa imeandika hakuna mawimbi. Na nilishakwambia, baba, hii ikinyesha inakata. Inakaa siku mbili ndiyo inarudi."

Jibu lote lilikuwa pale. Nilipewa bure, kwa simu, na mama wa miaka sabini na kitu ambaye hajawahi kushika praizi. Sikulisikia. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba antena imezeeka, na mtu akishaamua hivyo hasikii tena, anatafuta nauli ya Kariakoo.

Nyumba ya mama iko Kigamboni, karibu na bahari kiasi kwamba usiku ukitulia unasikia mawimbi, yale ya maji. Kwenye kona ya paa la bati limesimama bomba, juu ya bomba kuna antena ya mifupa ya samaki, na kutoka hapo unashuka waya mweupe uliofungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Unapita juu ya bati, unaingia darini kwa tundu ambalo hata panya wanalitumia, unatokea sebuleni nyuma ya kabati la vyombo. Ukiupima wote ni kama mita 25. Niliufunga mwenyewe, wiki ileile ambayo nusu ya Dar es Salaam ilikuwa juu ya mapaa. Wa-Dar wanaukumbuka ule mwisho wa mwaka: tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia jijini ilizimwa, na aliyekuwa hana king'amuzi alibaki na TV ya kuwekea kitambaa na maua ya plastiki. Nilifunga kwa haraka, kwa waya wa bei ya chini kabisa, na ulipopungua kama mita nne nikaunga kipande kingine pale pale juu ya bati. Nilisokota shaba kwa shaba, nyavu (zile nyuzi za nje zinazoizunguka shaba) kwa nyavu, nikazungushia tepu nyeusi ya umeme. Nikashuka nikijiona fundi.

Basi Jumamosi nikaenda Kariakoo. Muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Bosi, unataka ya analojia au ya dijitali?" Nikasema ya dijitali, bila shaka. Akanitolea antena iliyochorwa nembo ya rangi ya dhahabu kwenye boksi, bei mara mbili ya ile ya jirani yake iliyofanana nayo kila kijiti. Naomba niliseme hili kwa sauti, kwa sababu bado watu wanalipishwa: hakuna antena ya dijitali. Antena ni vipande vya alumini vilivyokatwa kwa urefu fulani. Inachojua ni masafa. Kama yale mawimbi yamebeba picha ya analojia au tarakimu, haina habari. Hata muundo wenyewe ni wa zamani, walioubuni ni Wajapani wawili, Uda na Yagi, mwaka 1926. Ukiwa na antena nzima ya UHF, yaani ya masafa ya runinga, iliyokuwa ikishika vituo vya zamani, itashika na vya sasa. Nilikuwa nayo. Nikaishusha, nikapandisha ya boksi la dhahabu.

Jua lilikuwa limewaka siku tatu mfululizo. Picha ikaja safi. Mama akanipikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mvua iliponyesha Jumatano, picha ikakata.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, Magomeni, kwa baba, kwa sababu ujuzi wangu wote wa antena ulianzia pale, na ndio ulionipoteza.

Miaka ya themanini Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Vituo vya Bara vilianza mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, ya rangi, nasi wa pwani ya Dar tukawa tunaidoea ng'ambo ya maji. Kutoka mjini Unguja hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 70, na sehemu kubwa ni bahari tupu, hakuna kilima wala ghorofa. Baba alisimamisha mabomba mawili yaliyounganishwa, antena juu, uso umeelekea kaskazini. Kila jioni mmoja wetu alikuwa uani ameshika bomba, mwingine dirishani, wa tatu mbele ya TV. "Geuza! Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Kuna jioni za joto, upepo umelala, picha ilikuja kama vile mtambo uko Manzese, kwa sababu hewa ya juu ya bahari ikijipanga tabaka tabaka, ya moto ikikaa juu ya ya baridi, mawimbi hupinda na kufika mbali kuliko kawaida yake. Kuna jioni nyingine ilikuwa chenga tupu, na ndani ya chenga unaona kivuli cha mtu anayeimba taarab.

Zile chenga zilikuwa mwalimu. Picha ya analojia ilikuwa ikiugua mbele yako: chenga ni mawimbi dhaifu, kivuli cha pili pembeni ya sura ya mtu ni mawimbi yaliyogonga jengo na kurudi, mistari inayokimbia ni pikipiki ya jirani. Baba aliweza kukutajia ugonjwa akiwa amekaa kwenye kiti. Dijitali haiugui hivyo. King'amuzi kinapokea tarakimu, kinasahihisha zilizoharibika, na mradi kinaweza kusahihisha, picha inakuwa safi kama ya mwenye mawimbi ya kumwaga. Ukivuka mpaka kidogo tu, inakatika katika vipande vya mraba, sauti inakwaruza, inaganda. Yaani unaweza kukaa miaka minane ukingoni mwa korongo na picha safi, hujui. Hicho ndicho kilichokuwa kikitokea kwa mama. Ule waya ulikuwa unakufa polepole tangu 2013, na kila mwaka ulikuwa ukila akiba kidogo, mpaka akiba ikaisha.

Mimi, na elimu yangu ya Magomeni, nilijua dawa moja: nguvu ziongezwe. Nikanunua busta.

Busta nikaiweka nyuma ya TV, kwa sababu ndipo soketi ilipo. Hilo ni kosa ambalo nyumba nyingi zinalo hadi leo. Busta haiumbi mawimbi, inakuza inachokipata. Ukiiweka chini, baada ya waya mbovu wa mita 25, inakuza mabaki pamoja na takataka zote zilizoingia njiani. Ni sawa na kuongeza sauti ya redio yenye mkwaruzo. Kama busta inahitajika kweli, mahali pake ni juu, karibu na antena, mawimbi yakiwa bado mabichi, nayo ipate umeme wake kupitia waya uleule. Kwenye menyu ya king'amuzi cha mama, ule mstari wa nguvu ukapanda vizuri sana, ukawa kijani. Mstari wa ubora ukabaki pale pale ulipokuwa. Nikaangalia wa nguvu, nikafurahi, nikaondoka. Ninachojua sasa ni kwamba wa ubora ndio wa kutazama. Zile asilimia zenyewe zisikusumbue, kila kiwanda kina hesabu zake na 60 ya king'amuzi kimoja si 60 ya kingine. Linganisha jana na leo kwenye king'amuzi kilekile.

Mwisho wa Mei mama alichoka na mimi. Akamwita kijana wa mtaani anayefunga madishi. Nilifika nikamkuta ameshakaa kibarazani anakunywa chai, begi lake la mgongoni chini, na hajapanda hata ngazi. Alikuwa anamuuliza mama maswali.

"Mama, ikinyesha inakuwaje?"

Mama akanitazama mimi kabla ya kumjibu yeye.

"Inakata. Inakaa siku mbili, ndiyo inarudi."

"Na jua likiwaka sana?"

"Hapo haina neno."

Kijana akatikisa kichwa, akaweka kikombe. "Bro, hiyo siyo antena. Waya umekula maji."

Alinieleza kwa maneno machache, na tangu siku ile nimeisoma habari hiyo zaidi, lakini yeye ndiye aliyeniingiza. Kwa dishi, mvua kubwa inakata picha kwa sababu masafa ya setilaiti ni ya juu sana, gigahezi kumi na kitu, na matone yenyewe yanayameza angani. Ikipita mvua, picha inarudi baada ya dakika chache. Lakini runinga ya antena inatumia megahezi mia nne na sabini kwenda juu kidogo, na mvua haiyafanyi masafa hayo kitu cha maana. Kwa hiyo antena ikikata kwa mvua, maji hayako angani, yako ndani ya waya. Na ikichukua siku mbili kurudi, basi yanasubiri kukauka.

Akapanda. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiungo changu cha 2012. Ile tepu nyeusi ilikuwa imelegea na kugeuka kama gamba la nyoka aliyejivua. Akakata waya sentimita thelathini chini ya kiungo, akauinamisha, na maji yakatoka. Si unyevu, maji: matone matatu, manne, meupe kidogo kama yaliyosuuza chupa ya maziwa. Akauchana kwa wembe. Nyavu ambazo zilipaswa kuwa nyeupe za kung'aa zilikuwa nyeusi, zinasagika mkononi kama majivu ya karatasi. Ile foili ya alumini chini yake ilikuwa na matundu na unga mweupe. Shaba ya katikati imeota kijani. Akaendelea kukata, mita moja moja, akitafuta penye afya. Alifika mita tisa ndipo nyavu zikaanza kung'aa.

"Maji yanatembea," alisema. "Yakiingia juu, zile nyavu zinayanyonya kama utambi wa kibatari."

Huo utambi ndio kiini cha mambo yote. Waya wa antena si kamba yenye shaba ndani. Ni bomba. Shaba inakaa katikati, inazungukwa na plastiki nyeupe ya povu, halafu foili na nyavu, halafu gamba la nje. Mawimbi yanasafiri ndani ya lile povu, katikati ya shaba na nyavu. Vipimo vyake vikiwa sawasawa mwanzo hadi mwisho, waya una tabia inayoitwa omu 75, ambayo ndiyo tabia ya soketi ya antena ya TV yako. Hiyo 75 haikuokotwa: ni karibu na kipimo ambapo waya wa aina hii unapoteza mawimbi kidogo kuliko vingine. Ukiuminya, ukaukunja kona kali, ukausokota kiungo, au povu likashiba maji, tabia inabadilika hapo, na sehemu ya mawimbi inagonga na kurudi ilikotoka. Ndiyo maana kusokota shaba kwa shaba, ambako kwenye taa kunafanya kazi, kwenye antena ni kuziba bomba kwa tope.

Sasa kuhusu kununua waya. Nitasema ninavyoona, na najua wapo mafundi watakaonipinga.

Madukani utakutana na majina matatu. RG-59 ni mwembamba, unene wa nje kama milimita 6. RG-6 unakaribia milimita 7. RG-11 ni mnene, zaidi ya milimita 10, mgumu kama bomba la maji ya bustani, na kwa nyumba ya kawaida huuhitaji. Kwenye masafa ya karibu megahezi 600, RG-6 nzuri hupoteza kama desibeli 17 (desibeli ni kipimo cha upotevu wa mawimbi) kwa kila mita 100, RG-59 kama 20 na ushei, RG-11 kama 11. Kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu imekwenda. Kwa mita 25 za mama, RG-6 inapoteza desibeli 4 na kidogo. Yaani katika mia zilizotoka antenani zinafika kama arobaini chini. RG-59 nzima ingefikisha kama thelathini. Tazama hiyo tofauti: haifiki desibeli moja. Watu wanagombana madukani juu ya RG-59 na RG-6, halafu wanakwenda kufunga konekta ya kusokota na kupoteza kuliko hapo mara kadhaa. Nunua RG-6, ndiyo, kwa sababu bei haijatofautiana sana na konekta zake zinapatikana kila kona. Lakini usitarajie jina lililoandikwa kwenye gamba likutibu.

La kuangalia ni lililo chini ya gamba. Mwombe muuzaji akate kipande cha kidole kimoja. Akikataa, nenda duka la pili. Chana. Kama nyavu ni nyuzi kumi na mbili zimetawanyika kama nywele za mzee, unaona foili yote katikati, weka chini. Nyavu chache zinaruhusu kelele za mtaani kuingia: chaja mbovu, taa za bei rahisi, minara ya simu. Foili iwe imeshikana na povu, isiwe karatasi inayoelea. Povu libonyeze kwa kucha. Likibonyea na kubaki hivyo kama mkate, huo waya utajikunja vibaya kwenye kona ya kwanza.

Na shaba? Hapa kuna kiini macho ambacho si kibaya sana. Nyaya nyingi zina chuma katikati kilichopakwa shaba. Ukiweka sumaku inanasa, na fundi atakwambia ni feki. Kwa antena si lazima iwe feki. Umeme wa masafa ya juu unakimbia juu ya ngozi ya waya tu. Kwenye megahezi 600 unaingia kina cha maikroni zisizofika 3, unywele wa mtu ni mnene mara nyingi zaidi ya hapo. Hivyo ngozi ya shaba inatosha. Tatizo linakuja waya ukibeba na umeme wa kawaida, kama volti 13 na 18 za kichwa cha dishi, au umeme wa busta ya juu. Hapo chuma kinapinga, na kwa waya mrefu kichwa cha dishi kinaweza kukosa nguvu za kutosha. Mwenye dishi mbali na nyumba adai shaba tupu. Mama, mwenye antena isiyo na busta, hakuhitaji.

Gamba la nje nalo tulilidharau. Ule waya wangu mweupe ulikuwa wa ndani ya nyumba. Jua la pwani lilikuwa limeukausha mpaka ukapasuka nyufa ndogo ndogo, kila ufa mlango wa maji. Wa nje uwe mweusi, wa plastiki ngumu inayostahimili jua. Mweusi kwa sababu wanaweka unga wa kaboni ndani yake, nao unazuia jua lisiile plastiki. Ni tofauti ndogo ya bei.

Yule kijana alinitaka nikanunue rola mpya, nzima, bila kuunga. "Ukiunga, nitarudi," alisema, na hakuwa anatania. Nikanunua mita 30. Kisha akanifundisha konekta, na hapa ndipo nilipojiona mjinga kuliko popote.

Konekta za nyumbani kwetu ni mbili. Ile ya kusukuma, ya kipini, inayoingia nyuma ya TV, ni ya zamani sana, ilitoka kwa kampuni ya Uingereza ya Belling-Lee miaka ya ishirini, ilitengenezwa kwa redio. Inachomoka kirahisi, na zile za bei rahisi hushika shaba kwa kiskurubu kidogo kinachokata waya kuliko kuushika. Ya pili ni konekta ya F, ya nati, ambayo haina kipini chake: shaba ya waya yenyewe ndiyo kipini. Ilibuniwa Marekani miaka ya hamsini kwa ajili ya nyaya za televisheni za majumbani, na uzuri wake uko kwenye umaskini wake. Haina sehemu nyingi za kuharibika. Lakini inataka mkono safi.

Alifanya hivi, nami nilimshikia tochi ya simu darini. Alikata gamba kama sentimita moja na nusu kutoka mwisho, wembe ukizunguka bila kugusa nyavu. Nyavu akazikunja nyuma juu ya gamba, uzi kwa uzi, kama mtu anayekunja ukosi wa shati. Akakata povu na foili, akaacha shaba uchi kama milimita 7. Hapo akasimama, akasogeza macho karibu, akatoa uzi mmoja wa nyavu, mwembamba kama nywele, uliokuwa umelalia shaba. "Huu mmoja tu," alisema, "unaua kila kitu." Uzi mmoja ukigusa shaba ni shoti: mawimbi yanakufa, na kama king'amuzi kinatoa umeme wa antena, kinaweza kuzima soketi yake. Akasukuma konekta kwa nguvu, akiizungusha, mpaka lile povu jeupe likaonekana ndani sawasawa na sakafu ya konekta, na shaba ikachungulia kidogo tu nje ya nati. Kisha akaibana kwa koleo lake la kubana, lile linaloshinikiza kutoka nyuma. Konekta za kusokota kwa mkono alikataa kuzitumia nje. Ndani, nyuma ya TV, alisema zinavumilika.

Konekta ya RG-59 haiingii RG-6 vizuri, na ya RG-6 inalegea kwenye RG-59. Lisemwe mara moja, lipite.

Juu ya paa alifanya mambo mawili ambayo nimeyaiga kila nilikofunga antena tangu hapo. Kwanza, pale waya unapotoka kwenye kiboksi cha antena aliuachia tumbo, yaani ushuke chini kidogo kabla ya kupanda, ili maji yateleze na kudondoka tumboni badala ya kufuata waya mpaka kwenye konekta. Pale unapoingia ukutani, tumbo lingine. Pili, alifunika konekta kwa ile tepu ya mpira inayonyooshwa na kujishika yenyewe ikawa gamba moja, kisha tepu nyeusi juu yake kuikinga na jua. Nilimuuliza kwa nini asipake silikoni. Akasema ile inayonuka siki inakula shaba. Ni kweli: ile siki ni asidi, na inapokauka inafanya kazi yake pale pale ulipoifungia.

Upepo wa kusi alikuwa ameuhesabu pia. Bomba linayumba, waya unajikuna kwenye ukingo wa bati, mwaka wa pili gamba limetoboka. Alifunga waya kwenye bomba kila baada ya mkono mmoja, na kwenye ukingo wa bati akaweka kipande cha bomba la maji kilichopasuliwa. Vipande vyangu vya mpira wa baiskeli alivikata vyote, akavirusha chini bila kusema neno.

Busta akaichomoa, akanipa mkononi. Na kile kigawanyio cha kupeleka mawimbi chumbani, ambako hakuna TV tangu mdogo wangu aolewe, nacho akakitoa. Kigawanyio cha njia mbili kinachukua desibeli tatu na nusu hivi hata kama upande wa pili hakuna mtu. Tulikuwa tumemlipa nusu ya mawimbi yetu mtu aliyehama.

Kabla hajarudisha antena yangu ya zamani, aliniomba nimwoneshe ile ya boksi la dhahabu. Akaigeuzageuza. "Ziko sawa tu hizi," akasema. "Weka ile ya mwanzo, vijiti vyake ni vinene, chumvi itachelewa." Hiyo mpya iko stoo hadi leo, na busta pamoja nayo.

Tulipowasha, mstari wa nguvu ulikuwa chini kuliko siku za busta. Wa ubora ulikuwa umejaa karibu wote. Mama hakujali mistari. Alibadilisha chaneli mara tatu, akarudi kwenye ya kwanza, akasema, "Haya, mpe fundi maji ya kunawa."

Ule waya mbovu, vipande vilivyokatwa na kile kirefu kilichobaki, nilitaka kuutupa. Mama akakataa. Kipande kirefu akakifunga kutoka kwenye nguzo ya kibaraza hadi mwembe, kikawa kamba ya kuanikia. Ni imara kweli, hata blanketi kinabeba.

Novemba, vuli imeanza, simu yake iliingia saa kumi na moja jioni nikiwa kwenye foleni ya kivuko. Moyo ukashtuka.

"Shikamoo mama. Imekata?"

"Marahaba. Nini imekata?"

"TV."

"TV ipo, naangalia hapa. Nimekupigia mvua imenikuta kwa jirani, kanga zangu zote zimelowa kwenye ule waya wako. Unakuja au unalala huko?"